Sinia la Tui na Kahawa

Mwaka uliofuata Uhuru, mume wangu Mbwana alirudi Gazi kutoka Diani na pakacha mkononi, na ndani ya pakacha mlikuwa na wanyama wawili ambao hapana mtu kijijini aliyepata kuwaona. Alikuwa amempikia mzungu mmoja huko Diani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mzungu akafunga mizigo kurudi kwao. Watoto wake wakawalilia wanyama wao, na yule mdogo kabisa akamshika Mbwana mkono akamwambia, "Wewe utawatunza. Lakini usiwatenganishe." Mbwana akaahidi.

Walikuwa wakubwa kuliko panya na wadogo kuliko sungura. Hawana mkia, miguu yao mifupi, na masikio yamelala kama majani yaliyopigwa na jua. Mmoja mweupe pe, mmoja rangi ya kahawa. Jina lao la kizungu lina nguruwe ndani yake, na Mbwana, mtu wa sala tano, alikataa katakata kulitamka chini ya paa lake. Baadaye nilisikia kwamba wako watu wanaowaita simbilisi, nami nitawaita hivyo. Nyumbani tuliwapa majina yao wenyewe. Mweupe tulimwita Tui, na mwenziwe Kahawa. Wote wawili walikuwa majike.

Rai, mdogo wake Mbwana, ambaye nyumba yake inatazamana na yetu, alikuja kuwaona siku ile ile.

"Kaka," akasema, "miaka yote hiyo kwa mzungu, na kiinua mgongo chako ni panya?"

"Si panya."

"Ni nini basi?"

Mbwana akafikiri kidogo. "Ni wageni wangu."

"Wageni wa kulishwa au wageni wa kuliwa?"

"Rai, nenda kwako."

Mbwana akawajengea kizimba cha fito za mikandaa, akakiweka chini ya upenu wa jikoni. Kila asubuhi alitoka na kisu kidogo kwenda kukata ukoka, na aliporudi walimsikia nyayo wakapiga mluzi, fii, fii, fii, mpaka majirani wakajua kwamba Mzee Mbwana amerudi. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu aache kazi maneno yake yalikuwa yamepungua zaidi. Mikono yake iliyozoea sufuria na visu ilikaa tu magotini. Lakini pale kizimbani alizungumza. Aliwaambia bei za samaki, habari za mvua, na jinsi ya kutengeneza mchuzi usikatike. Mimi nilikuwa nikikuna nazi karibu, nikimsikiliza, nikimshukuru Mungu.

Na wale wawili walikuwa kama kitu kimoja. Walilala wamegandana, na ukimtupia Kahawa jani la tembele akiwa peke yake, alilishika mdomoni bila kutafuna mpaka Tui afike.

Mvua za vuli zilipoisha nikaona uvimbe chini ya shingo ya Tui. Mwanzo ulikuwa kama punje ya kunde. Ukawa kama ndimu. Tui akaacha kula, akajikunyata pembeni, na Kahawa akajilaza ubavuni mwake siku nzima bila kupiga mluzi.

"Nampeleka Kwale," akasema Mbwana.

Rai akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwa daktari wa ng'ombe? Atamkata kwa shoka?"

"Nampeleka," Mbwana akasema tena, nami nikafunga leso yangu nikamfuata.

Daktari wa mifugo pale Kwale alikuwa kijana anaitwa Kitsao, mmoja wa vijana wetu wa kwanza kukaa katika kiti kile baada ya wazungu. Nje ya ofisi yake palikuwa na ng'ombe, mbuzi, na watu wengi waliotoka mbali, pande za Mackinnon Road huko, wamekaa juani na vumbi miguuni. Mbele kabisa alisimama mzee mmoja Mduruma na fahali wake. Akachungulia pakacha letu, akamtazama Tui, akamtazama Mbwana usoni. Kisha akamvuta fahali wake pembeni.

"Piteni," akasema. "Mgonjwa wenu mdogo, na wangu ana nguvu za kungoja."

Sikupata kujua jina lake. Namwombea mpaka leo.

Daktari Kitsao alituamkia shikamoo, akamweka Tui juu ya meza, akampapasa kwa kidole kimoja. Hakucheka. "Ni jipu, mama," akaniambia. "Nitamnusisha dawa alale, nilipasue. Sitawadanganya, mnyama mdogo hivi nimempasua mara moja tu, chuoni." Mbwana akamjibu, "Basi leo itakuwa mara ya pili." Tukatoka nje tukakaa na wale wenye mbuzi, na Mbwana alishikilia pakacha tupu kifuani muda wote.

Tui akaamka. Daktari akasema itabidi abaki kwake mpaka kidonda kifunge, maana mwenziwe angekilamba kikachimbika. Mkewe akamlaza jikoni mwake katika kisanduku, akawa anamwosha kidonda kwa maji ya chumvi kila siku. Tulipokwenda kumchukua, wiki kadhaa zilikuwa zimepita, kidonda kimefunga, na manyoya yameanza kuota. Lakini alikuwa mwembamba.

"Anakula kwa kubembelezwa," akasema Daktari. "Hawa hawaishi peke yao, mzee. Akikaa peke yake ataacha kula, na akiacha kula tumbo linasimama, na tumbo likisimama mimi sina dawa. Mrudishe kwa mwenziwe. Watapigiana kelele kidogo, kwa kuwa wamepoteana. Usiwatenganishe kwa sababu ya kelele. Tenganisha ukiona damu."

Tukarudi Gazi tunacheka njia nzima.

Sasa, kwetu mgonjwa aliyerudi kutoka hospitali hapokewi vivi hivi. Wifi yangu Mishi, dada yao Mbwana na Rai, alikuwa akitungoja mlangoni, na chetezo kimeshawashwa. Mishi alipata kulazwa sana katika ujana wake, na siku aliporudi mama mkwe wangu, mama yao, alimfukiza udi, akampaka marashi, akamwambia sasa umerudi kwetu. Hakupata kuisahau siku ile. Basi akampokea Tui kwa mikono miwili, akamviringisha katika leso yangu, akampitisha juu ya moshi wa udi mara hii na mara hii, akamtia tone la marashi ya mawaridi kisogoni na tone jingine mgongoni. Tui akapiga chafya. Tukacheka sote.

"Haya, bibi harusi," Mishi akasema. "Mpelekeni kwake."

Mbwana akafungua kizimba, akamweka ndani.

Kahawa alikuja mbio. Alifika karibu, akanusa, akarudi nyuma. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, meno yakigongana, ka-ka-ka-ka. Manyoya ya shingo yakasimama. Akamzunguka Tui mara moja, na kabla Mbwana hajanyosha mkono, akamrukia. Tui akalia kilio cha mtoto. Tulipomtoa, sikio lilikuwa limechanika, na tone la damu likaangukia leso yangu.

Mbwana akalibana lile sikio kwa vidole mpaka damu ikakata. Hata Rai, aliyekuja kutazama kutoka kwake, hakufanya mzaha, na hilo si jambo dogo.

Tulijaribu tena jioni. Kahawa akamrukia hata kabla ya kunusa. Mbwana akamweka Tui katika kisanduku ndani ya nyumba, akakaa mbele yake na majani ya matembele, akamlisha moja moja. Tui akala mawili, akageuza uso.

Kesho yake Mbwana aliniambia, akitazama chini. "Mama Sefu, nimempelekea Baya ujumbe."

Baya alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, rafiki yake wa siku nyingi, na yeye aliachiwa simbilisi watatu na mzungu mwingine. "Atakuja Jumapili kumchukua Kahawa. Kule atapata wenzake."

"Na Tui?"

"Amekonda mno, hawezi kutiwa kati ya wageni." Sote wawili tulijua kwamba peke yake hataishi. Daktari alikuwa ameshasema.

"Ulimwahidi yule mtoto," nikasema taratibu.

"Nilimwahidi. Lakini nifanye nini? Niwaache wauane? Afadhali abaki mmoja hai." Akainuka, akaenda kukata ukoka, na chakula chake nikakikuta kimefunikwa vile vile nilivyokiacha.

Sikutaka kubishana naye. Mtu mwenye huzuni ukibishana naye anaishikilia zaidi. Nikaendelea na kazi zangu, nikiwatazama wanyama. Na ilikuwa hivi. Mchana nilikwenda kumpa Kahawa ukoka. Kahawa alikuwa na desturi ya kula mkononi mwangu. Nikainama, pindo la leso yangu likagusa fito, na papo hapo akarudi nyuma, meno ka-ka-ka-ka.

"Na mimi pia?" nikamwambia. "Nimekukosea nini?"

Nikatazama pindo. Ilikuwa leso ile ile ya jana, aliyoviringishwa Tui. Nilikuwa nimelifua lile tone la damu tu, sikuifua yote. Nikainusa. Udi na mawaridi.

Nikaingia ndani, nikaivua, nikajifunga leso yangu ya jikoni inayonuka moshi na samaki kama kawaida yake. Nikarudi. Kahawa akaja, akala mkononi mwangu mpaka ukoka ukaisha. Nikaileta tena ile ya udi, nikaishika mbali kidogo. Ka-ka-ka-ka.

Nikakaa chini pale pale upenuni. Maskini, Kahawa hakumchukia Tui. Hakujua kwamba yule ni Tui! Amelala peke yake wiki zote zile, akimngoja mwenziwe, kisha ameletewa mgeni anayenukia kama chumba cha bibi harusi, amewekwa katikati ya kitanda chake.

Nikamkimbilia Mbwana nikamweleza. Alinisikiliza mdomo wazi, kisha akapiga goti lake kofi.

"Ni udi wa Mishi!" akasema kwa sauti kubwa.

"Udi wangu umefanya nini?"

Mishi alikuwa amesimama mlangoni, na bakuli la uji mwepesi aliompikia Tui. Mbwana akanitazama aniokoe. Nami nilijua moyo wa wifi yangu, nikaenda nikampokea bakuli.

"Umemfanya Tui anukie kama bibi harusi, wifi," nikasema. "Na Kahawa hakualikwa harusini."

Mishi akanitazama. Akamtazama kaka yake. Midomo yake ikatetemeka, nikadhani atalia, kumbe kicheko. Alicheka mpaka akakaa kizingitini, akafuta macho kwa ncha ya buibui, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. "Nilimfanyia kama nilivyofanyiwa mimi," akasema.

"Twajua," Mbwana akasema. "Na yeye ajua. Ni Kahawa tu asiyejua."

"Basi tumjulishe. Mwangoja nini?"

Kumwosha Tui hatukuthubutu, kovu lilikuwa bado bichi. Nikamfuta kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu penye marashi tu. Kisha nikachukua nyasi alizolalia Kahawa, nikamtandikia Tui kisandukuni, na nyasi za Tui nikampelekea Kahawa. Siku ya kwanza Kahawa alizikimbia. Siku ya pili alizinusa muda mrefu. Kila asubuhi na kila jioni nikabadilisha, na Mbwana akanibebea. Ijumaa alipotoka msikitini tukamkuta Kahawa amelala juu ya nyasi za Tui, amezikumbatia. Lakini Tui alikuwa anapungua, mifupa ya mgongo inahesabika, na Jumapili inakuja.

"Jumamosi tuwakutanishe," nikasema. "Lakini si kizimbani."

"Wapi?"

"Wewe waniuliza, mtu wa Gazi? Watu waliogombana tunawapatanishia wapi?"

Mbwana akatabasamu, mara ya kwanza tangu turudi kutoka Kwale. Kwetu watu wakikosana, hapana anayepelekwa nyumbani kwa mwenziwe, kwa kuwa mwenye nyumba huona yeye ndiye mwenye haki. Huitwa nyumbani kwa mtu wa tatu, huwekewa sinia moja katikati, na wakishatia mikono katika sinia, maneno huwa mafupi. Kizimba kilikuwa cha Kahawa, na ndani ya nyumba palikuwa pa Tui. Kwa Mishi palikuwa na paka. Pakabaki mahali pamoja tu.

"Ukumbi wangu?" Rai akasema. "Panya wapatanishwe ukumbini kwangu? Watu watasema nini?"

"Watasema Rai amekuwa mzee wa baraza," Mishi akamwambia.

"Na wakikojoa juu ya mkeka?"

"Wewe ulipokuwa mdogo ulikojoa juu ya mikeka mingapi, nani alikufukuza?"

Rai akaguna, akatuambia tumsumbue mtu mwingine. Lakini Jumamosi asubuhi tulipofika tulikuta ukumbi umefagiwa, mkeka mkuukuu umetandikwa, na mbao zimesimamishwa pande zote zisipitike. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa pembeni akijifanya anatengeneza jembe.

Mishi akaja na sinia lake la harusi, lile la shaba ambalo hata Idi hulitoa kwa kusitasita. Alikuwa amelijaza ukoka mbichi, matembele na maganda ya tango, mlima mzima. Akaliweka katikati. Mbwana akamweka Kahawa upande huu, nami nikamweka Tui upande ule, tukarudi nyuma.

Kahawa akainua pua. Ka-ka-ka.

Mbwana akaruka. Nikamshika kanzu. "Damu, si kelele," nikamwambia. "Daktari alisemaje?"

"Lakini, Mama Sefu—"

"Kaa."

Akakaa. Nilikuwa namsikia anavyopumua. Kahawa akalizunguka sinia polepole, mwili umevimba, akitoa mngurumo wa chini kama wa paka. Tui alikuwa amejibanza kwenye ubao, hatikisiki. Wakafikiana pua kwa pua. Wote wawili wakainua vichwa juu, juu, kila mmoja akitaka kumpita mwenziwe, na Rai akaweka jembe chini. Kahawa akamsukuma Tui ubavuni. Tui akalia. Kahawa akampanda mgongoni, akashuka, akamzunguka tena, meno yakigongana, nami mkono wangu ulikuwa umeikamata kanzu ya mume wangu mpaka vidole vinauma.

"Yarabi," Mishi akanong'ona. "Yarabi, wape."

Kisha Tui, yule Tui asiyekula, akafanya jambo. Akamgeuzia Kahawa mgongo, akatembea mpaka kwenye sinia, akashika jani la tembele kwa ncha, akaanza kuvuta.

Kahawa akasimama. Akamtazama. Akaenda upande wa pili wa mlima ule wa majani, akashika jani, na lilikuwa lile lile. Wakavutana kidogo. Meno ya Kahawa yakanyamaza. Jani likafupika kutoka pande zote mbili, likafupika, mpaka pua zikagusana, na hapana aliyerudi nyuma. Kahawa akainusa ile shingo yenye kovu, akainusa sana, huku na huku. Na ghafla akapiga mluzi, fii, fii, fii, ule mluzi wa kumpokea Mbwana ambao hatukuusikia tangu Tui augue, akaanza kumlamba lile sikio alilolichana mwenyewe.

Tui akafumba macho.

"Harambee!" Rai akapiga kelele, jembe lake likaanguka. "Wamekula pamoja! Nimewapatanisha!"

"Wewe?" Mishi akasema, lakini hakuweza kuendelea, kwa kuwa vigelegele vilikuwa vimeshamtoka, na wanawake wa nyumba za jirani wakavipokea bila hata kujua ni vya nini. Watu wakaanza kuja. Rai akasimama mlangoni kama bwana wa shughuli, akiwaambia waingie mmoja mmoja na wasipige kelele, wageni wanakula. Mbwana alikuwa amekaa chini juu ya mkeka, miguu imenyooshwa, anacheka bila sauti na mabega yanatikisika.

Tukawaacha pale ukumbini usiku huo, Rai alikataa wahamishwe. Na Jumapili Baya akafika kutoka Diani na pakacha jipya alilosuka kwa kazi ile.

"Nimekuja kumchukua mmoja," akasema baada ya salamu.

"Karibu," Rai akamjibu, akamwongoza mpaka ndani. "Chagua."

Baya akachungulia. Katikati ya mkeka palikuwa na furushi moja, jeupe huku na kahawia kule, na hapana aliyeweza kusema kichwa cha nani kiko wapi. Akatazama kwa muda. Kisha akalitua pakacha lake miguuni pa Mbwana.

"Hili liwe lao," akasema. "La kwendea kwa daktari, siku nyingine. Ni kubwa, wataenea wote wawili."

Mbwana akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akanigeukia mimi. "Mama Sefu, kuna nini cha kula? Nina njaa kama mtu aliyefunga."

Nikaenda jikoni nikaleta wali wa nazi na samaki wa kupaka, chungu kizima, na Mishi akasema ngojeni, nilete sinia langu, chakula cha furaha hakiliwi katika chungu. Akaenda mpaka kwenye mkeka. Tui na Kahawa walikuwa wameamka, wamepanda juu ya sinia lake la harusi, wamelala tena katikati ya majani yaliyobaki, na Tui alikuwa akitafuna huku macho yamefumba.

Mishi akasimama akiwatazama. Akarudi mikono mitupu.

"Lina wenyewe," akasema, akakaa nasi, tukatia mikono chunguni.